Shahada yangu ya Montpellier na neno "hakipo"

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita, katika safu yenu ya barua, msomaji mmoja alieleza furaha yake kwamba ofisi nyingi nchini sasa zinahakiki vyeti vilivyotolewa nje kabla ya kumpa mtu kazi au kumpandisha cheo. Aliongeza kwamba ukilitafuta jina la chuo kwenye intaneti usilione, basi mwenye cheti hicho ni wa kutiliwa shaka, na ikibidi afikishwe mbele ya sheria. Kwa lile la kwanza namuunga mkono kwa moyo wote, maana vyeti vya kughushi vimewanyima kazi vijana waliosoma kwa jasho na vimeweka mahali pa utaalamu watu wasio na utaalamu. Lile la pili limenichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu anaowasema bila kuwajua.

Shahada yangu ya uzamivu niliipata mwaka 2011 katika mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, baada ya miaka minne ya kuchunguza virusi vya batobato ya mihogo. Juu kabisa ya karatasi hiyo pameandikwa Jamhuri ya Ufaransa, chini yake jina la wizara inayosimamia elimu ya juu, kisha Université Montpellier 2. Miezi michache iliyopita niliipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Kijana aliyekuwa dirishani aliniamkia, akaipokea kwa mikono miwili, akaandika jina la chuo kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena bila ile namba mbili, kisha akanigeuzia kioo ili nione mwenyewe. "Mzee, hapa naona Chuo Kikuu cha Montpellier, na kingine cha Paul Valéry. Hiki chako cha namba mbili hakipo." Akairudisha shahada kwenye bahasha, na katika fomu, kwenye nafasi ya maoni ya mhakiki, akaandika kwa kalamu ya bluu maneno mawili: chuo hakipo.

Alichosema ni kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2015 chuo hicho hakipo. Lakini hakipo si sawa na hakikuwapo, na kwa kuwa wapo Watanzania wengine, pamoja na wenzetu wa Kenya, Burundi na Congo, waliosoma Ufaransa katika vyuo ambavyo majina yake yamebadilika, naomba nafasi katika gazeti lako nieleze chuo kile kilitoka wapi, kimepita wapi na kinaendeshwaje.

Montpellier si mji wa kale kama Marseille au Nîmes. Ulichipuka karne ya 10 na kukua kwa biashara, karibu na bahari ya Mediterania, ukipokea viungo, dawa na vitambaa kutoka mashariki. Pamoja na bidhaa walikuja watu wenye elimu, wakiwamo matabibu Wayahudi na wasomi waliosoma tiba kwa Kiarabu huko Hispania. Mwaka 1181 bwana wa mji huo, Guilhem wa 8, alitoa tamko ambalo mpaka leo hutajwa Montpellier kwa fahari: kwamba hatampa mtu mmoja haki ya peke yake ya kufundisha tiba, bali yeyote, awe nani na atoke popote, ana ruhusa ya kufungua darasa mjini kwake. Hapakuwa na jengo la chuo wala ada ya pamoja. Mwalimu alifundishia nyumbani kwake, na mwanafunzi alimfuata mwalimu aliyemwamini.

Uhuru huo ulileta walimu hodari, na bila shaka ukaleta pia watu waliojiita matabibu bila kuwa matabibu. Ndipo tarehe 17 Agosti 1220 Kardinali Konrad, mjumbe wa Papa Honorius wa 3, alipotoa kanuni za kwanza za shule ya tiba, na msingi wa kanuni hizo ulikuwa kwamba hakuna atakayefundisha tiba Montpellier kabla ya kuchunguzwa na kupewa idhini na Askofu wa Maguelone, jimbo la kanisa ambalo Montpellier ilikuwa ndani yake, akishirikiana na walimu. Naomba wahakiki wetu wa vyeti walitazame jambo hili kwa makini. Kazi wanayoifanya leo dirishani ndiyo iliyokizaa chuo hiki: watu walikusanyika chini ya kanuni moja ili ijulikane nani amefuzu na nani hakufuzu.

Sheria nayo ilikuwa ikifundishwa hapo tangu karne ya 12, alipofika Placentinus, mwanasheria kutoka Italia, ambaye alifia Montpellier mwaka 1192. Tarehe 26 Oktoba 1289 Papa Nicholas wa 4 alitoa waraka uliotambua kwa pamoja mafunzo ya tiba, sheria na sanaa, na hiyo ndiyo tarehe ambayo wengi huihesabu kuwa kuzaliwa kwa chuo kikuu chenyewe. Kitivo cha teolojia kilikuja baadaye sana, mwaka 1421. Hapa kuna jambo linalosahaulika kila mara chuo hiki kinapotajwa miongoni mwa vyuo vikongwe vya Ufaransa: waraka wa 1289 ulipotolewa, mwenye mji hakuwa mfalme wa Ufaransa. Montpellier ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Aragon tangu 1204, kisha ikawa ya wafalme wa Majorca, na iliuzwa kwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1349. Kwa hiyo hata utaifa wa chuo umewahi kubadilika, na madaktari waliofuzu kabla ya mauzo hayo hawakuacha kuwa madaktari.

Neno la Kilatini lililozaa jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za Ulaya, universitas, halikuwa na maana ya majengo. Lilikuwa na maana ya umoja au chama, kama vile chama cha mafundi wa aina moja, chenye kanuni zake, muhuri wake na mkuu wake. Montpellier ilikuwa na vyama viwili vya namna hiyo vilivyoishi pamoja bila kuchanganyika: wanatiba walikuwa na chansela wao, wanasheria walikuwa na rekta wao, na kila upande ulilinda heshima yake. Vitabu vya wanatiba vinapaswa kutuvutia sisi tuliokulia pwani na tuliosikia majina haya tangu utotoni: mwaka 1309 Papa Clement wa 5 alipoweka orodha ya vitabu ambavyo mwanafunzi wa tiba alilazimika kuvijua, pamoja na Galen, tabibu wa Wayunani, walikuwamo Ibn Sina na al-Razi, matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu.

Tangu wakati huo chuo kiliandika. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike kuliko tarehe zote. Kuna madaftari ya usajili ya kitivo cha tiba ambayo yamehifadhiwa mpaka leo, na humo François Rabelais, ambaye Wafaransa wanamhesabu miongoni mwa waandishi wao wakubwa, alijiandikisha kwa mkono wake tarehe 17 Septemba 1530. Mwaka mmoja kabla yake alijiandikisha Michel de Nostredame, yule Nostradamus wa utabiri, lakini jina lake lilipigwa mstari ilipofahamika kwamba aliwahi kufanya kazi ya kuuza dawa, kazi ya mikono ambayo kanuni za kitivo hazikuiruhusu kwa mwanafunzi. Watu hao walijiandikisha yapata miaka 500 iliyopita, na mtu akitaka kujua leo nani alikuwa mwanafunzi na nani alifukuzwa, jibu lipo kwenye karatasi. Je, chuo kilichotunza usajili wa 1530 kitashindwa kuonyesha usajili wa 2007, mwaka nilioingia mimi?

Mhariri, niruhusu nisimame kidogo kwenye bustani, kwa kuwa mimi ni mtu wa mimea. Mwaka 1593 Mfalme Henri wa 4 aliidhinisha bustani ya mimea kwa ajili ya mafunzo ya tiba, akamkabidhi kazi hiyo Pierre Richer de Belleval, na bustani hiyo, kongwe kuliko zote za aina yake nchini Ufaransa, bado ni mali ya chuo kikuu. Wanafunzi wa tiba walipelekwa huko ili wajue mmea kwa macho na kwa pua kabla ya kuuandikia mgonjwa. Baadaye alifundisha hapo Pierre Magnol, ambaye kwa heshima yake mti wa magnolia ulipewa jina, mtu aliyewahi kunyimwa kiti cha ualimu kwa sababu alikuwa Mprotestanti. Jumamosi nyingi nilikwenda kukaa humo na daftari langu. Kuna mti mmoja mzee, shina lake limejikunja na kujaa mashimo, na katika mashimo hayo watu hutia vikaratasi vilivyokunjwa vidogovidogo, vya mapenzi au vya kuomba kufaulu mtihani. Nami nilitia changu usiku wa kuamkia siku ya kutetea tasnifu. Karibu na bustani ipo hazina ya mimea iliyokaushwa, zaidi ya vielelezo milioni tatu, kila kimoja kikiwa na kikaratasi chenye jina la aliyekichuma na mahali alipokichuma. Humo nilitumia wiki nzima nikilinganisha majani ya jamii ya mihogo yaliyochumwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Nirudi kwenye hoja. Mwaka 1793, katika joto la Mapinduzi ya Ufaransa, serikali ya mapinduzi ilivifuta vyuo vikuu vyote vya nchi, kwa sababu ilivitazama kama vyama vyenye upendeleo, vilivyofungamana na Kanisa na ufalme. Kisheria, Chuo Kikuu cha Montpellier kilikufa. Haikupita miaka miwili, serikali ileile ikajikuta ina vita na haina waganga wa kutosha wa kutibu askari, na mwezi Desemba 1794 ikaanzisha shule tatu za afya: Paris kwa wanafunzi 300, Montpellier kwa wanafunzi 150 na Strasbourg kwa wanafunzi 100. Shule ya Montpellier ilipewa jengo lililokuwa monasteri, kisha kasri la askofu, lililoshikana ukuta na kanisa kuu la Saint-Pierre, na kitivo cha tiba kimekuwa humo tangu 1795. Ukifika utaona mlangoni sanamu mbili za shaba za madaktari wa karne ya 18, Lapeyronie na Barthez, wamekaa kila mmoja upande wake kama wazee wa baraza.

Napoleon alipotawala aliunda, kwa amri ya mwaka 1808, chombo kimoja cha elimu kwa nchi nzima alichokiita Chuo Kikuu cha Dola. Montpellier haikuwa na chuo kikuu chake. Ilikuwa na vitivo vilivyosimama kila kimoja peke yake chini ya wizara, tiba huku, sayansi kule, fasihi kikifungwa na kufunguliwa tena, sheria kikirejeshwa mwaka 1880. Hali hiyo iliendelea karibu karne nzima. Na hapo pana tukio linaloeleza kila ninachotaka kusema. Mwezi Mei 1890 mji wa Montpellier ulifanya sherehe kubwa ya miaka 600 ya chuo kikuu chake, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, akahudhuria, wakaja wajumbe wa vyuo vya nchi nyingine kutoa salamu. Mhariri, siku hiyo kisheria hapakuwa na Chuo Kikuu cha Montpellier. Kilifutwa 1793 na hakikurudishiwa jina hilo hadi sheria ya Julai 1896. Rais wa nchi alikuja kuadhimisha miaka 600 ya kitu ambacho kwenye vitabu vya sheria hakikuwapo, na hakuna aliyesimama kumwambia kwamba chuo hakipo, kwa sababu walimu walikuwapo, madaftari yalikuwapo, vitivo vilikuwapo na mji mzima ulijua. Mwaka 2020 ulipofika, kitivo cha tiba kilihesabu miaka yake 800 kuanzia zile kanuni za Kardinali Konrad. Hesabu zote mbili zina uhalali wake.

Nilikosoma mimi kulizaliwa kutokana na ghasia za Mei 1968. Wanafunzi wa Ufaransa walipoandamana na kufunga vyuo, serikali ilijibu kwa sheria ya Novemba 1968, inayojulikana kwa jina la waziri Edgar Faure, iliyovunja vitivo vya zamani na kuruhusu vyuo vikuu vipya vyenye mabaraza ya kuchaguliwa. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Montpellier kikagawanywa mara tatu. Cha kwanza kilichukua tiba, famasia, sheria na uchumi. Cha pili, ndicho changu, kilichukua sayansi. Cha tatu kilichukua fasihi, lugha na sayansi za jamii, kikaitwa kwa jina la mshairi Paul Valéry, mwenyeji wa Sète, mji wa bandari ulio karibu, ambaye alisomea sheria Montpellier.

Mgawanyiko huo tuliuishi kila siku. Tramu ilitushusha kwenye kituo kimoja kilichopewa jina la vyuo vikuu vyote viwili, cha sayansi na cha fasihi. Mwenzangu kutoka Bujumbura alikwenda upande wake, mimi upande wangu, na tulikuwa na marais wawili tofauti wa chuo, ofisi mbili tofauti za usajili na vitambulisho viwili tofauti. Maktaba ilikuwa huduma ya pamoja ya vyuo vyote vitatu. Nilipohitaji kitabu cha kale cha tiba ya mimea nilikipata chini ya dari za ile monasteri ya zamani, na mtumishi wa pale hakuniuliza mimi ni wa namba ngapi.

Miaka ya 2000 serikali ya Ufaransa ilianza kuhimiza vyuo viungane tena, kwa sababu vyuo vilivyogawanyika vilionekana vidogo katika zile orodha za kimataifa za kupanga vyuo kwa ubora. Mimi sina imani kubwa na orodha hizo, lakini ndizo zilizosukuma. Kwa amri ya serikali ya mwaka 2014, Montpellier 1 na Montpellier 2 vilifutwa na badala yake kikaundwa Chuo Kikuu cha Montpellier kuanzia tarehe 1 Januari 2015, kikiongozwa na Philippe Augé, na kikarithi mali, haki, wajibu na kumbukumbu za vyuo vyote viwili. Paul Valéry kilibaki peke yake. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba kijana wa dirishani akaona majina mawili mahali palipokuwa na matatu. Mwaka 2022 kimepewa tena muundo mpya, wa majaribio, unaokifungamanisha kwa karibu zaidi na taasisi nyingine za mji, ikiwamo shule ya kemia. Naamini haitakuwa mara ya mwisho.

Kijana yule aliniuliza swali jingine, na lilikuwa swali zuri: kwa nini shahada imesainiwa na watu wawili, rais wa chuo na rekta, na yupi kati yao ndiye mkuu? Wenzetu wa Lubumbashi na Bujumbura watashangaa, kwa kuwa kwao rekta ndiye anayeongoza chuo. Ufaransa ya leo sivyo. Tangu Napoleon, rekta ni mtumishi wa serikali anayesimamia elimu katika eneo zima la nchi, kuanzia shule za watoto, na ndiye anayeiwakilisha serikali mbele ya vyuo vikuu. Anayeongoza chuo ni rais, ambaye ni mwalimu au mtafiti aliyechaguliwa na baraza la uongozi kwa kipindi cha miaka minne. Ndani ya baraza hilo wamo walimu, watumishi, wanafunzi na watu wa nje ya chuo. Sheria ya Agosti 2007 ilimwongezea rais na baraza lake madaraka juu ya bajeti na watumishi. Chini yao vipo vitivo, ambavyo kwa lugha ya sheria sasa huitwa vitengo vya mafunzo na utafiti, ingawa watu wa Montpellier bado wanasema kitivo. Pembeni zipo shule za uzamivu zinazosimamia wanafunzi wa daraja letu, na maabara, nyingi zikiendeshwa kwa ubia na taasisi za taifa za utafiti. Maabara yangu ilikuwa ya namna hiyo, kiasi kwamba mshahara wa msimamizi wangu haukutoka chuoni.

Sahihi ya rekta ipo pale kwa sababu shahada ya chuo kikuu cha umma Ufaransa ni shahada ya taifa. Tangu 1880 sheria imezuia taasisi za binafsi kujiita vyuo vikuu na imeiachia serikali utoaji wa digrii. Ndiyo sababu jina la kwanza juu ya karatasi yangu ni la Jamhuri, na jina la chuo linakuja la tatu. Aliyenipa shahada ni Jamhuri ya Ufaransa kwa mkono wa chuo, na Jamhuri hiyo ingalipo.

Na tusiende mbali. Mwaka uleule wa 1970 ambao Montpellier iligawanywa, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 1963, nacho kiligawanyika, vikatokea vyuo vikuu vitatu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere. Wazee wetu waliohitimu kabla ya hapo wana shahada za chuo ambacho hakipo, na kwa shahada hizo wamekuwa majaji, mawaziri na maprofesa. Hapa Morogoro ninapoishi wapo wataalamu wa kilimo waliosoma kwenye viwanja hivihivi vya Sokoine kabla ya 1984, na shahada zao zimeandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna aliyewahi kuwarudishia bahasha. Kinachowaokoa ni kwamba historia hiyo tunaijua kwa kuwa ni yetu, nami naomba mwenye shahada ya mbali atendewe vivyo hivyo kwa historia inayoweza kujulikana kwa swali moja.

Njia za kuuliza zipo na si za gharama. Ufaransa ina orodha ya taifa ya tasnifu za uzamivu inayosomwa bure kwenye intaneti. Yangu imo, na namba yake inaanza na mwaka 2011 ikifuatiwa na herufi MON, yaani mji uliotoa, kisha namba mbili ya chuo changu. Nilipomwonyesha kijana yule kwenye simu yangu alisoma jina langu kwa sauti, akasoma na jina la msimamizi, kisha akasema kwa upole kwamba fomu yake haina mahali pa kuandika hayo. Nikaandika barua kwa ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Montpellier. Walinijibu ndani ya mwezi mmoja, wakathibitisha mwaka nilioingia, tarehe niliyotetea tasnifu na namba ya shahada, na mwisho wakaandika sentensi moja inayosema kwamba chuo chao ndicho mrithi wa Montpellier 2. Nakala ya barua hiyo, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, nimeiwasilisha kwenye ofisi niliyoitaja bila kuitaja. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nimeambiwa nisubiri.

Ninachoomba kwa wote wenye dhamana ya kuhakiki vyeti ni kitu kidogo kinachoweza kufanyika bila bajeti mpya. Pale kwenye fomu palipoandikwa "jina la chuo", pawekwe nafasi mbili: jina la chuo wakati mwombaji alipohitimu, na jina la chuo kinachotunza kumbukumbu zake sasa. Na mhakiki asiyepata jina la pili asiandike "hakipo" kabla hajamwuliza mwenye cheti, ambaye mara nyingi amesimama mbele yake dirishani.

Wenu,
Mtafiti wa magonjwa ya mimea,
Morogoro